Risiti Zinazosubiriwa Columbus

Aline mwanangu,

Mambo ya koti, blanketi na unga mama yako amekwisha kuyasema, na ameyasema mpaka hata mimi nisiyesafiri najiona niko tayari kwa theluji ya Buffalo. Sitayarudia. Nyinyi wawili mmekwenda kanisani kuagana na kwaya, mimi nikasema mgongo unaniuma nikabaki. Mgongo hauniumi. Nilitaka meza hii iwe yangu peke yangu nikuandikie, kwa sababu kila nikianza kukuambia jambo hili kwa mdomo najikuta nazungumzia hali ya hewa.

Kesho utabadilisha basi Columbus, na kati ya basi moja na lingine kuna saa kadhaa za kungoja. Baba yako mdogo Enock ameahidi kukupokea kituoni, akupeleke nyumbani kwake huko Northland, mama yako mdogo akupikie sombe, kisamvu chetu, kisha akurudishe upande basi la Buffalo. Ndivyo ulivyoambiwa. Usichoambiwa ni kwamba anakusubiri kwa hamu namna ile kwa sababu anataka risiti zako za mwaka jana, zile za chuo cha hapa Louisville. Alizitaka kwangu. Mimi nikamjibu, "Aline atakuja nazo." Nilimjibu hivyo bila kukuuliza. Juzi nikazitia kwenye bahasha, nikaichomeka chini ya viatu ndani ya sanduku lako, nikafunga zipu. Leo nimeitoa, na ipo hapa mezani.

Sehemu ya habari hii unaijua, maana wewe ndiye uliyeitafsiri. Sehemu nyingine nimekuficha. Ngoja niiseme yote kwa mpangilio, ili kesho akianza kusema yeye, na anajua kusema, uwe umekwisha kuisikia kwangu.

Nianze na ng'ombe, na usicheke. Najua ukisikia baba anaanza habari za ng'ombe mkono wako unatafuta simu.

Kwetu, milimani juu ya Uvira, mtu mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine unawapeleka kwa ndugu yako, mmoja kwa shemeji, mwingine kwa mjomba ng'ambo ya bonde, ili wanyang'anyi wakija wasikumalize. Ng'ombe aliyelala kwa ndugu anakula majani ya ndugu, na ndugu anakunywa maziwa yake, hiyo ndiyo shukrani yake. Lakini kila mtu, mpaka watoto wachungaji, anajua ng'ombe yule ni wa nani. Haandikwi popote. Vita vilipotufikia, zizi la babu yako lilisombwa lote asubuhi moja. Kilichobaki ni ng'ombe mwekundu aliyekuwa kwa mjomba wake. Mzee yule alimswaga kwa njia za msituni mpaka tulipokuwa tumejificha, akamwekea babu yako kamba mkononi, ndama akiwa nyuma. Akasema, "Huyu ni wako. Na huyu mdogo naye ni wako." Kwa ng'ombe yule tulipata nauli ya kuvuka mpaka hadi kambini. Mimi nilikuwa mtoto mkubwa, niliona kwa macho. Enock alikuwa mgongoni kwa mama, amelala.

Kambini karo ilikuwa ya mtoto mmoja tu. Baba alitaka niendelee mimi, maana ndiye mkubwa. Mimi nikasema Enock ana kichwa chepesi, na aende yeye. Nikafyatua matofali, yeye akasoma. Sikuandiki hili ili nihesabiwe. Naandika kwa sababu Kiingereza kile alichokuja kunishinda nacho hapa Amerika kilitoka kwenye matofali yangu, na ninapokosa usingizi hilo ndilo linalonikaa kooni.

Tulipofika hapa Shively, pembeni mwa Louisville, wewe ukiwa huna meno ya mbele, Enock alikuwa ametutangulia kwa miaka mingi. Alikwisha kuapa uraia, ana gari linalowaka bila kusukumwa, anaongea na watu wa ofisi wakicheka pamoja. Yeye ndiye aliyenieleza kuhusu akiba ya chuo. Unaweka pesa kwa ajili ya mtoto, inazaa, na siku ya kuitoa kwa ajili ya shule serikali haiitozi kodi. Ila akaunti lazima iwe na mwenyewe, mtu mzima mmoja, na mtoto anaandikwa chini yake kama ndiye atakayesomeshwa.

Hapo nikaogopa. Katika majengo yale tuliyokaa kwanza ilikuwa inasemwa kwamba ukionekana na akiba wanakukata kadi ya chakula. Hakuna aliyemjua mtu aliyekatwa, lakini kila mtu alimjua mtu anayemjua. Miaka mingi baadaye nikaja kuambiwa kwamba akiba ya namna ile haikuwa hata inahesabiwa. Basi, kwa hofu ya kitu ambacho hakikuwepo, nikamwambia mdogo wangu, "Iandike kwa jina lako." Sikuona ubaya. Nilikuwa nalaza ng'ombe kwa ndugu. Tena aliponiambia kwamba mkazi wa Ohio anayeweka akiba hiyo hupunguziwa kodi kidogo na jimbo lake, nilifurahi. Nikamwambia hayo ndiyo maziwa yake, anywe.

Tangu hapo, kila mshahara, kabla ya nyama, kabla ya kutuma kitu kwa bibi yako, sehemu ilikwenda Columbus. Zawadi za ubatizo wako zilikwenda. Pesa ambazo mama yako alipata kwa kulala nyumbani kwa yule bibi wa Kizungu siku za sikukuu akimtunza, sisi tukila bila yeye, zilikwenda. Wewe ulikwenda shule na viatu vya dada zako wa kanisani, hukulalamika. Ulipoanza sekondari, siku moja jikoni uliniuliza, "Baba, kwa nini akaunti haiko kwa jina lako?" Nikakufokea. Nilisema Amerika imekufundisha kuwaona ndugu zako kama wezi. Ukaenda kuosha vyombo, na vyombo siku ile vilipiga kelele sana. Ulikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa na woga nikauvika nguo ya heshima. Swali lako lilikuwa sawa tangu mwanzo.

Mwaka jana Josué, mwana wa Enock, akaoa. Unaikumbuka harusi ya binamu yako, ukumbi ule Northland nyuma ya maduka, vigelegele mpaka polisi wakaja kuuliza kama kuna usalama. Jambo ambalo hukuliona, kwa kuwa lilikuwa la wanaume, ni mahari. Mimi ndiye niliyesimama kusema kwa niaba ya ukoo, maana ndiye mkubwa. Wakwe walitaja ng'ombe wao kwa dola, na Enock akazilipa zote siku ile ile, bila kuomba muda. Nilitunisha kifua. Nikawaambia wakwe, "Ng'ombe hawa wametoka kwenye zizi safi." Watu wakapiga makofi. Enock aliinamisha kichwa, nikadhani ni unyenyekevu.

Nilicheza, Aline. Na goti hili. Nilikula ile nyama nikaomba nyingine. Tuliporudi garini nilimwambia mama yako kwamba mdogo wangu ameinua jina letu, na mama yako akageukia dirisha kwa namna yake, ambayo ningepaswa kuijua baada ya miaka yote hii.

Wewe ulikuwa unaanza chuo hapa mjini. Nilisema tusiguse akiba, tujikaze kwa mishahara, akiba ikomae tuitumie Buffalo, kwenye chuo kikubwa. Mwezi wa sita mwaka huu bili ya Buffalo ikaja. Nikampigia Enock. "Wiki ijayo, yaya," akaniita kaka kwa heshima. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake. Ndipo nilipokuambia tuwapigie wenyewe wanaotunza akiba. Uliweka simu juu ya meza hii, sauti ya mwanamke ikajaa jikoni. Mkaongea kidogo, ukanigeukia.

"Anasema hawezi kuongea na sisi."

"Mwambie mimi ni baba yako."

"Nimemwambia. Anasema wewe si mwenye akaunti."

"Mwambie franga ni yangu, pesa ni yangu!"

Hilo hukulitafsiri. Ulimwambia asante, ukakata simu, ukaniuliza kama nataka chai. Nimefikiri sana kuhusu chai ile. Tangu ukiwa mdogo nimekuweka katikati yangu na watu wa ofisi, wa hospitali, wa kodi ya nyumba, umesikia kila aibu yangu mara mbili, mara moja kwa Kiingereza na mara ya pili kwa mdomo wako mwenyewe. Siku ile ulichagua aibu moja ukanibebea peke yako. Nilipaswa kukushukuru, nami nilikwenda nje kusimama karibu na gari.

Jioni nilimpata Enock. Hakukana. Labda angekana ningeumia kidogo tu. Alisema hivi, na nakuandikia kama alivyosema:

"Yaya, unisikilize muzuri. Mimi siko mwizi. Bakwe balikuwa banatusukuma, Josué anasikia haya. Bon, nikaona ile franga iko inalala tu, Aline hajaanza université ya kweli. Donc nikatoa. Josué si mutoto yako? Ng'ombe ya ukoo si njo banaoleaka mutoto ya ukoo? Ni weye ulitufundisha."

Eti ng'ombe wa ukoo ndiye anayemwolea mtoto wa ukoo. Nilimjibu neno ambalo sitaliandika, kwa sababu unaimba kwaya.

Watu watakuambia baba yako analia pesa. Pesa naililia, ndiyo, mimi si malaika. Lakini sikiliza jinsi alivyonimaliza. Alichukua desturi iliyotuokoa, ile ya kamba mkononi na ndama nyuma, akaifanya kisu. Kwa sheria ya hapa hakuvunja kitu, akaunti ilikuwa ya jina lake. Kwa sheria ya kwetu hakuvunja kitu pia, ukimsikiliza yeye. Kila mlango niliogonga nilimkuta yeye ndani. Tena aliniacha nisimame mbele za watu nikasifu wizi wa karo yako kwa sauti yangu mwenyewe. Nimesalitiwa, mwanangu. Nimetafuta neno dogo zaidi sikulipata. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo ndiyo niliyoishona.

Ungedhani habari iliishia hapo.

Mwezi wa saba akapiga tena, sauti imepungua. Ukitoa pesa kwenye akiba ile, wanakutumia fomu, na serikali inapata nakala yake. Unapofanya takisi, yaani hesabu za kodi za kila mwaka, lazima useme pesa ilikwenda wapi. Enock alimwambia mtu anayemjazia takisi kwamba ilikwenda kwenye karo ya mtoto wa kaka yake. Yule mtu akaandika hivyo, angejuaje. Sasa watu wa kodi wamemwandikia: lete ushahidi.

Sheria yenyewe si ngumu, hata mimi nimeielewa. Ukitoa pesa na mtoto aliyeandikwa akawa na gharama za shule mwaka huo huo, hutozwi. Ukitoa kwa jambo lingine, zile ulizoweka haziguswi, ila kile kilichozaliwa humo ndani, yaani ndama, kinatozwa kodi na faini juu yake. Na jimbo la Ohio nalo linakuja kudai lile punguzo alilonywa miaka yote. Ndiyo maana anataka risiti zako. Mwaka jana alitoa, mwaka jana ulisoma. Ziwekwe pamoja, zitafanana.

Ila risiti zile mimi nilikwisha kuzitumia. Nilipofanya takisi yangu nilizionyesha, serikali ikanipa nafuu kwa kuwa nina mtoto chuoni, na nafuu ile ndiyo iliyokununulia kompyuta ukamalizia muhula wa pili. Nilikwenda kumuuliza msichana anayetujazia takisi karibu na kanisa kama Enock naye anaweza kuzitumia. "Gharama moja haiombewi nafuu mara mbili," akasema. "Ni yeye au ni wewe." Kisha akaniambia njia iliyobaki: mimi nirekebishe takisi yangu, nikubali kwamba nafuu ile siitaki, niirudishe serikalini. Hapo Enock anaweza kuzitumia risiti bila uongo. Yaani nimlipie tena.

Enock mwenyewe ana njia yake fupi. "Mutoto asaini tu kakaratasi, aseme mimi njo nililipa masomo. Nani atajua?" Kakaratasi hako sitaki ukaguse, hata akupikie sombe kwa nyama ya mbuzi. Jina lako bado ni jipya. Siku moja, ukimaliza masomo yako ya tiba, utaliandika chini ya dawa za wagonjwa, na mtu atakunywa dawa ile kwa sababu ameliamini. Usilianzie kwenye uongo wa mtu mwingine.

Kuhusu hili silegezi, na siandiki zaidi. Kuhusu risiti zenyewe ndipo penye kazi.

Wazee wa kanisa waliniita Jumapili ile niliyochelewa kurudi. Methali inasema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wazee wetu hawakushika jembe, walishika vikombe vya chai. Wakaniambia damu ni nzito kuliko maji. Wakaniambia tumetoka mbali, tusije tukachekwa na makabila mengine kwa sababu ya takisi. Mmoja akauliza, "Sasa utamwacha mudogo yako bamufilisishe?" Mimi nikauliza nani atamrudishia Aline. Wakasema, "Aline ni mutoto, Mungu atamufungulia njia." Njia aliyokufungulia, kama unavyojua, ni mkopo. Uliusaini kwenye simu yako, umekaa kwenye kochi, ukaniambia usiwe na wasiwasi baba, kila mtu hapa ana mkopo. Ulisema kwa Kiingereza ili nisisikie sauti yako vizuri. Nilisikia.

Hata hivyo niliwaambia wazee sawa. Nilichoka. Mtu akichoka anaweza kuita uchovu wake msamaha, na watu wakampa mkono. Nilimpigia Enock nikasema utapita nazo. Nilipanga nirekebishe takisi yangu wewe ukiwa umekwisha kufika Buffalo, niongeze zamu ghalani, na wewe usijue. Ungekuta bahasha Columbus, baba mdogo angenyoosha mkono, ungempa, kwa sababu umelelewa kutoa kitu mkubwa akinyoosha mkono.

Leo mchana nilikuwa naongeza gundi kwenye kona ya sanduku lako, nikaona kiatu kimoja kimeinuka kwa sababu ya bahasha. Nikakaa kitandani kwako. Wote tumelijadili jambo hili kiangazi kizima. Enock amesema, wazee wamesema, yule msichana wa takisi amesema, mimi nimesema mpaka mama yako akaniambia nikaseme nje. Hakuna aliyekuuliza wewe. Mimi nimesalitiwa, ni kweli, lakini aliyeibiwa ni wewe. Risiti zina jina lako. Mkopo una jina lako. Na mimi nilikuwa tayari nimekufungia ndani ya sanduku uamuzi ambao si wangu, naufunika kwa viatu.

Kwa hiyo nakuuliza. Sijawahi kukuuliza jambo namna hii, na kusema kweli sijui linavyoulizwa. Unataka nimsaidie, au hutaki?

Usitafute jibu ninalolitaka mimi, nakuambia sasa hivi. Mimi sitaki. Nataka alipe. Nataka akae mbele ya mtu wa kodi aulizwe karo ya nani, shule gani, aone haya kwa lugha aliyosomeshwa. Ndivyo moyo wangu ulivyo jioni hii na sitaki uuone mzuri kuliko ulivyo. Lakini mimi nimekuwa nikimbeba Enock tangu akiwa mtoto, na hasira yangu ina mambo mengi ndani yake ambayo hayakuhusu. Yako huenda ni nyepesi. Au huenda ni nzito kuliko yangu na umeificha kwenye vyombo.

Ukisema nimsaidie, nitairudisha nafuu ile, na bahasha utanirudishia niitume mwenyewe kwa posta. Itatuuma, mkopo wako hautapungua kwa muda, nami nitafanya zamu za Jumamosi. Sitakulaumu hata kidogo. Ukisema hapana, ni hapana, na nitampigia kabla basi lako halijafika, ili usiwe wewe wa kumwambia. Wazee niachie mimi, chai yao nitainywa.

Ukitaka, nenda ukale kwake. Mama yako mdogo hakujua, naamini hakujua, na mkono wake kwenye sombe hauna mwenzake Ohio nzima. Ukitaka kubaki kituoni na mkate, baki. Akija atalia. Enock analia vizuri, tangu mtoto. Machozi yake si ya uongo, usiyadharau, ila pia hayalipi ada. Mkumbatie kama mikono yako inataka. Sikurithishi ugomvi huu kama shamba. Josué na mkewe hawakukukosea, na wakizaa wewe ni shangazi.

Huko Buffalo utakaa kwa mama yako mkubwa karibu na barabara ya Grant, na yeye ni mwanamke mwenye moyo. Atakuambia, "Mushahara yako unipe nikutunzie." Atasema kwa upendo kabisa. Mshukuru, umsaidie kodi na chakula, umwoshee vyombo, lakini pesa yako ilale kwa jina lako. Hata mimi nikija siku moja nikuombe nikutunzie, na naweza kuja, najijua, kataa. Nitakasirika jioni moja. Asubuhi nitakuwa nimepoa.

Nimekaa kuandika nikidhani nitakuonya juu ya watu. Naona nimeshindwa. Siwezi kukuambia usiamini ndugu, kwa sababu mimi niko hai kwa sababu ya mzee mmoja aliyeamini kwamba ng'ombe wa mtu ni wa mtu. Nikikufundisha kutomwamini yeyote nitakuwa nimemruhusu Enock kukuibia mara ya pili. Nilichojifunza ni kidogo: anayekupenda anaweza kukuuliza. Akiona aibu kukuuliza, basi ndani yake anajua jibu.

Nasikia gari. Mama yako anacheka, bila shaka kwaya wamewapa mizigo mingine na sanduku halitafungika. Nitakupa barua hii mkononi pamoja na bahasha, si ndani ya kiatu, na utanijibu usiku huu au kesho kituoni, kwa Kiswahili au Kiingereza chako, nitaelewa.

Bado neno moja, nalo ndilo lililonifanya nitoe bahasha. Nimemwambia kila mtu kwamba kosa la Enock ni kutoniuliza. Wazee nimewaambia, mama yako nimemwambia, na wewe nimekuandikia hapa. Lakini nilipokuwa nimekaa kitandani kwako nilijiuliza ingekuwaje kama angeniuliza. Angenipigia wiki ile ya mahari, aseme, yaya, wakwe wamenibana, naomba ile ya Aline. Jibu nililijua kabla sijamaliza kujiuliza. Ningempa yote, Aline. Ningempa siku ile ile, kwa fahari, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Na wewe ningekuambia soko la hisa lilianguka, akiba ikapotea.

Baba yako